Mchezo wa Roboti wa Kwenye Kivinjari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wachezaji wa Nyanda za Juu Kusini

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wachezaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na miji ya jirani, pamoja na wazazi na wenye vibanda vya intaneti ambao vijana huwaendea kucheza. Yanahusu michezo ya kupiganisha na kuboresha roboti inayochezwa moja kwa moja ndani ya kivinjari, bila kusakinisha kitu chochote kwenye kompyuta. Idadi zilizotumika katika kueleza mapambano ni mifano ya kufanyia hesabu. Fungua karakana ya mchezo wako, yaani sehemu ya kuundia na kuboreshea roboti, uone idadi zake halisi, kisha urudie hesabu zilezile.

Mchezo huu unachezwaje?

Unaunda roboti kwa kuunganisha vipande: kiwiliwili, miguu, silaha za pembeni, silaha za juu, na vifaa vya ndani vinavyotoa nishati au kupunguza joto. Baada ya hapo roboti yako inakutanishwa na roboti ya mchezaji mwingine, au na roboti inayoendeshwa na mchezo wenyewe, na mnapigana kwa zamu. Katika zamu yako unapewa hatua chache, mara nyingi mbili, za kusogea, kupiga au kupumzisha mashine. Ukishinda unapata sarafu na vipande vipya vya kuboreshea roboti yako. Hapa kasi ya vidole haina kazi kubwa. Mchezo unaamuliwa zaidi karakanani kabla ya pambano kuanza, na sehemu kubwa ya majibu yanayofuata inatokana na jambo hilo.

Je, kompyuta za kawaida za vibandani zinaweza kuuchezesha?

Zinaweza. Kompyuta yenye kumbukumbu ya RAM ya GB 4 na kivinjari kilichosasishwa inatosha kwa michezo mingi ya aina hii, kwa kuwa picha zake ni za kuchora na si za kuigiza uhalisia. Kinachokwamisha zaidi ni kivinjari cha zamani, au kompyuta ambayo imefunguliwa kurasa nyingi kwa wakati mmoja. Funga kurasa usizozitumia, kisha angalia kwenye mipangilio ya kivinjari kama matumizi ya kadi ya picha yamewashwa. Yakiwa yamezimwa, kazi yote ya kuchora inaachiwa prosesa, na roboti zinaanza kusogea kwa kukatakata.

Kwa nini michezo ya roboti niliyoicheza zamani haifunguki tena?

Michezo mingi ya miaka hiyo ilitengenezwa kwa teknolojia ya Flash. Kampuni ya Adobe ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaacha kuihudumia, ikasitisha huduma hiyo tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 programu yenyewe ikaanza kuzuia maudhui ya Flash yasionyeshwe. Michezo iliyosalimika ni ile ambayo watengenezaji wake waliiandika upya kwa teknolojia za HTML5 na WebGL, ambazo kivinjari huzielewa bila kuongezewa kitu. Baadhi ya michezo ya zamani inaweza kuendeshwa na Ruffle, programu huria inayoiga kazi ya Flash, ingawa ile iliyotegemea seva ya mtengenezaji haiwezi kufufuka ikiwa seva hiyo imezimwa. Ukurasa wowote unaokutaka upakue "Flash mpya" ili ucheze ni mtego wa kukuingizia virusi, na ufungwe mara moja.

Unatumia bando kiasi gani?

Mzigo mkubwa unakuja mara ya kwanza, pale picha na sauti zinapopakuliwa. Baada ya hapo kivinjari huvihifadhi, na pambano la zamu kwa zamu hutuma taarifa ndogo tu: nani amepiga, kwa silaha ipi, na nini kimepungua. Kwa sababu hiyo, anayechezea kwenye kompyuta ileile na kivinjari kilekile anatumia MB chache kuliko anayehamahama, na kufuta hifadhi ya muda ya kivinjari kila siku ni kulipia upakuaji uleule upya. Ukitaka kujua kiasi halisi, bonyeza kitufe cha F12, fungua sehemu ya mtandao, kisha pakia ukurasa upya. Jumla ya data iliyopita itaonekana chini ya dirisha.

Roboti yangu ina silaha nzito kuliko zote, lakini inashindwa. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake karibu kila mara ni joto. Katika michezo mingi ya aina hii kila silaha kubwa huongeza joto inapopigwa, roboti ina kikomo cha joto inachoweza kubeba, na mwisho wa kila zamu mfumo wa kupoza huondoa kiasi fulani. Joto likivuka kikomo, mashine inazima na unapoteza zamu nzima huku mpinzani akiendelea kukupiga.

Tuchukue roboti yenye kikomo cha joto cha 300 na uwezo wa kupoza joto 90 kwa zamu. Kombora lake linapunguza alama 80 za uhai wa mpinzani na kuongeza joto 110, na teke lake linapunguza alama 30 bila kuongeza joto lolote. Mchezaji mwenye pupa anapiga makombora mawili katika zamu ya kwanza: joto linafika 220, linapozwa hadi 130. Zamu ya pili anapiga mengine mawili. Kipimo cha joto kinapita 240, kinakuwa chekundu, kinafika 350, na roboti inasimama ikifuka moshi. Zamu ya tatu anaitazama ikipoa. Kwa zamu tatu amepunguza alama 320.

Mchezaji wa pili anapiga kombora moja na teke moja kila zamu. Anapunguza alama 110 kwa zamu, yaani 330 kwa zamu tatu, na roboti yake haijazima hata mara moja. Wa tatu ndiye anayejua kazi: anafungua kwa makombora mawili wakati mashine ingali baridi, kisha anaingia katika mtindo wa kombora na teke. Joto lake mwishoni mwa zamu ya tatu ni 170, na amepunguza alama 380. Silaha ni zilezile, na roboti ni ileile.

Nishati inafuata mantiki hiyohiyo kwa upande wa pili, kwa kuwa yenyewe huanza ikiwa imejaa na kupungua kila unapoitumia. Kabla ya kununua silaha mpya, soma mistari ya joto na nishati kabla ya kusoma mstari wa uharibifu.

Kikomo cha uzito kina maana gani?

Kila kipande kina uzito, na jumla yake haitakiwi kuvuka kiwango kilichowekwa. Mchezaji mgeni hujaza silaha mpaka uzito unaisha, halafu anabaki hana nafasi ya kifaa cha kupozea wala kinga, na roboti yake inakuwa kama lori lililozidishiwa shehena linapopanda Kitonga: injini inachemka kabla ya kufika juu. Tenga kwanza uzito wa vifaa vya ndani, kisha silaha zigawane kinachobaki.

Aina za uharibifu zinatofautianaje?

Mgawanyo uliozoeleka, ambao unaonekana pia katika mchezo unaofahamika wa Super Mechs, ni wa aina tatu. Silaha za kawaida hupunguza uhai moja kwa moja. Silaha za moto humpandishia mpinzani joto. Silaha za umeme humpunguzia nishati. Aina mbili za mwisho zinaweza kumshinda mtu mwenye uhai mwingi, kwa kuwa roboti iliyozima au iliyoishiwa nishati haiwezi kujitetea.

Kinga nazo hugawanyika kwa aina hizohizo. Usichague kinga kwa kubahatisha. Angalia mapambano yako ya karibuni, uone ni silaha za aina gani zilizokuangusha, kisha uweke kinga dhidi ya hizo. Kuhusu silaha zako mwenyewe, ushauri wa ukurasa huu ni kujikita katika aina moja badala ya kuchanganya zote tatu. Joto unalompandishia mpinzani lina faida kubwa linapolundikana mpaka avuke kikomo, na likiwa dogo linapozwa mwisho wa zamu na kupotea bure.

Niboreshe kipande kimoja mpaka mwisho, au vyote kidogokidogo?

Vyote kidogokidogo, isipokuwa silaha moja kuu. Sababu iko katika namna gharama zinavyopanda. Katika michezo mingi kila daraja linagharimu zaidi kuliko lililotangulia. Tuseme kupanda kutoka daraja la 1 hadi la 2 kunagharimu sarafu 100, na kila hatua inayofuata inagharimu mara mbili ya iliyopita. Kufika daraja la 10 kutahitaji hatua tisa na jumla ya sarafu 51,100, lakini hatua ya mwisho peke yake itameza 25,600, yaani zaidi kidogo ya nusu ya fedha zote. Kwa sarafu hizo za hatua moja ungeweza kupandisha vipande vinane vingine kutoka daraja la 1 hadi la 6, kwa kuwa kila kimoja kingehitaji 3,100, na ukabaki na akiba.

Zaidi ya hapo, ongezeko la nguvu halikui kwa kasi ya gharama. Daraja la mwisho kwa kawaida huongeza asilimia ndogo tu ya nguvu, ilhali kifaa cha kupozea kilichoachwa daraja la 1 kinaendelea kuizimisha roboti ileile uliyoigharamia. Utaratibu unaopendekezwa hapa ni huu: anza na kiwiliwili, kwa sababu uhai unatumika katika kila pambano, fuatisha vifaa vya joto na nishati, kisha silaha moja unayoitegemea, na mwisho kabisa miguu. Vipande vya kiwango cha chini usivitumie kuboreshea silaha utakayoiacha wiki ijayo.

Ipi bora: silaha ya alama 20 hadi 100, au ya alama 50 hadi 60?

Kwa wastani ya kwanza inashinda, kwa kuwa wastani wake ni 60 na wa pili ni 55. Hata hivyo wastani haumalizi pambano. Mpinzani akibakiwa na alama 150, silaha ya pili ina uhakika wa kumaliza kazi kwa mapigo matatu, kwa sababu hata pigo lake dogo kabisa ni 50. Ile ya kwanza, ikiwa kila idadi kati ya 20 na 100 ina nafasi sawa ya kutokea, itashindwa kumaliza kwa mapigo matatu karibu mara moja katika kila nne, ingawa karibu mara moja katika kila tano itamaliza kwa mawili tu. Ukiwa unaongoza, tumia silaha ya uhakika. Ukiwa umezidiwa na unahitaji muujiza, hapo ndipo silaha ya kubahatisha inapofaa.

Kwa nini nikishinda mfululizo napangiwa wapinzani wakali?

Kwa sababu mfumo unakupima. Michezo mingi hupanga wapinzani kwa kutumia mfumo wa Elo, wa kumpa kila mchezaji alama za kiwango chake, au unaofanana nao. Mfumo wa Elo ulibuniwa na Arpad Elo kwa ajili ya sataranji na kuanza kutumiwa na shirikisho la kimataifa la mchezo huo, FIDE, mwaka 1970. Mchezaji aliyekuzidi alama 200 anatarajiwa kukushinda takribani mara 76 katika kila mapambano 100. Ukimshinda unapata alama nyingi. Akikushinda unapoteza chache. Mfumo ukishapata kiwango chako, utashinda karibu nusu ya mapambano, na hiyo haimaanishi kwamba umeacha kukua. Wapo wanaokubali kushindwa makusudi ili washuke wakutane na wanyonge. Tabia hiyo inawaharibia wageni mchezo, na michezo mingi inaiadhibu kwa kuifungia akaunti.

Nilicheza kibandani Mwanjelwa jana, leo roboti yangu haipo. Imekwenda wapi?

Huenda ulicheza kama mgeni, bila akaunti. Katika hali hiyo taarifa zako zilihifadhiwa ndani ya kivinjari cha kompyuta ile, si kwenye seva. Ukihamia kompyuta ya pili, au hata kivinjari kingine kwenye kompyuta ileile, hutazikuta. Vibanda vingi pia vina programu inayorudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapowashwa, nayo inafuta kila kitu. Dirisha la faragha linafanya hivyohivyo mara unapolifunga.

Fungua akaunti kwa barua pepe tangu siku ya kwanza, tumia nywila ambayo huitumii kwingine, na unapoondoka kibandani hakikisha umetoka kwenye akaunti. Kivinjari kikikuuliza kama kihifadhi nywila yako kwenye kompyuta ya watu wengi, kataa.

Umeme ukikatika katikati ya pambano, nitahesabiwa nimeshindwa?

Mara nyingi ndiyo, isipokuwa ukirudi kabla muda wa zamu haujaisha. Ikiwa una simu yenye bando, ingia kwa akaunti hiyohiyo kupitia kivinjari cha simu. Michezo mingi inakurudisha kwenye pambano lililokuwa likiendelea. Kwa anayechezea nyumbani, kompyuta mpakato yenye betri nzima na intaneti ya simu ni mpango wa kuaminika zaidi kuliko kompyuta ya mezani.

Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, jambo zito zaidi ni radi, hasa kwa wakazi wa Tukuyu na maeneo mengine ya Rungwe. Ngurumo zikisogea, acha pambano lipotee, zima kompyuta, kisha chomoa waya wa umeme ukutani. Kuzima swichi pekee hakutoshi.

Mchezo unachelewa kuitika. Ni kosa la kompyuta yangu?

Si lazima. Seva nyingi za michezo hii ziko Ulaya au Marekani, na taarifa inapita Dar es Salaam kwenye nyaya za chini ya bahari kama EASSy na SEACOM kabla ya kufika huko. Nyaya hizo mbili zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Kwa siku za kawaida ucheleweshaji ni sehemu ndogo ya sekunde, na katika mchezo wa zamu hauna madhara.

Zawadi ya kila siku inabadilika saa ngapi?

Seva nyingi hufuata saa ya dunia, UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Saa sita usiku ya seva, siku yake inapobadilika, ni saa tisa usiku kwetu. Hakuna haja ya kukesha. Chukua zawadi asubuhi au jioni, mradi uichukue kabla ya saa hiyo.

Je, ni lazima nilipe ili nishinde?

Hapana. Kulipa kunafupisha muda wa kupata vipande, lakini anayelipa na asiyelipa hupangwa kwa alama zao. Kinachohitaji tahadhari ni masanduku ya bahati, ambayo unayalipia bila kujua utapata kipande gani. Ubelgiji iliyahesabu mwaka 2018 kuwa mchezo wa kubahatisha chini ya sheria zake, na kwa maoni ya ukurasa huu ilikuwa sahihi. Ukiamua kutumia fedha, nunua kipande unachokiona kwa bei unayoiona, na weka kikomo cha mwezi kabla ya kufungua duka. Mzazi asiache kadi ya benki, au simu yenye fedha ambayo namba yake ya siri inajulikana na watoto, ikiwa imeunganishwa na akaunti ya mchezo.

Nimetumiwa ujumbe kwamba nitapewa vito vya bure nikitoa nywila. Nifanye nini?

Usijibu. Hakuna mtengenezaji wa mchezo anayemwomba mchezaji nywila, na programu zinazodai kuzalisha vito haziwezi kufanya kazi, kwa kuwa idadi ya vito vyako iko kwenye seva na si kwenye kompyuta yako. Ujumbe wa kitapeli ukija kwa simu, utume pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo ni namba ya bure ya kuripoti. Kama umekwisha kutoa nywila, ibadilishe mara moja, na uibadilishe pia kwenye barua pepe uliyojisajilia, maana mwenye barua pepe ndiye mwenye akaunti.

Watoto wa umri gani wanafaa kucheza?

Soma masharti ya mchezo husika, kwa kuwa mingi inataka umri wa miaka 13 kwa mwenye akaunti. Mapigano yenyewe ni ya mashine na hayana damu. Sehemu ya kuangaliwa zaidi ni chumba cha mazungumzo, ambako mtoto anaweza kufikiwa na mtu mzima asiyemfahamu. Kizime kwenye mipangilio, na mtoto asitumie jina lake halisi wala jina la shule yake. Mzazi anayekaa na mtoto karakanani na kumwomba aeleze kwa nini amechagua kipande fulani atashangaa kuona ni hesabu kiasi gani zinafanyika humo.

Tunataka kuandaa mashindano kati ya wachezaji wa Iringa na Mbeya. Tuanzie wapi?

Tumieni mapambano ya kirafiki, ambayo michezo mingi inayaruhusu na ambayo hayagusi alama za mtu. Wekeni kikomo cha daraja, kwa mfano kwamba hakuna kipande kinachovuka daraja la 5, ili aliyecheza miaka mingi asimfunike aliyeanza juzi. Kila pambano liwe la raundi tatu, na roboti isibadilishwe kati ya raundi. Kubalianeni mapema juu ya mtandao unaokatika: raundi irudiwe mara moja tu, na ikikatika tena, aliyekuwa na uhai mwingi zaidi kwenye picha ya mwisho ya skrini ahesabiwe mshindi. Wachezaji wanane wanaotoana kwa mtoano wanahitaji mapambano saba, ambayo yanamalizika kwa alasiri moja ya Jumamosi. Chagueni kibanda chenye jenereta.